Chagua Kinachoweza Kukungoja

Miezi minne baada ya kupata kiharusi, wenzangu wa baraza la Ngamiani, hapa Tanga, waliniita nicheze bao. Nilikuwa nimekaa pembeni kama mgeni, mkono wa kulia nimeulaza mapajani utadhani ni mzigo wa mtu mwingine. Nikasogea. Nikazoa kete sita, nikaanza kusambaza. Mbili zikaingia shimo moja, moja ikaanguka chini ya benchi, nyingine ikabaki imenasa kati ya vidole visivyojua kama vimeshika kitu. Hakuna aliyecheka. Hicho ndicho kilichoniuma. Watu ambao kwa miaka ishirini hawakuwahi kuniachia kosa moja bila kunizomea, siku hiyo walitazama barabarani.

Nilikuwa na miaka 57, mkuu wa shule ya sekondari, nimebakiza mitatu kufikia 60 ya kustaafu kwa lazima. Tangu wakati huo watu kadhaa wa rika langu wamenijia, mmoja wa moyo, mwingine wa kansa, wawili wa kiharusi kama mimi, na wote huuliza mambo mawili kwa pamoja: nistaafu sasa? Na nikistaafu, nitashinda nafanya nini? Huwa nawajibu kwa vipande, kwenye foleni ya dawa au nje ya msikiti baada ya mazishi. Hapa nataka kujibu kwa utulivu.

Kwanza barua. Kama umelala kitandani, mdomo umepinda, na kuna mtu wa kazini amekuja kukuambia “wewe andika tu barua ya kuacha kazi upumzike,” mshukuru, mpe chai, usiandike. Kuacha kazi ni jambo moja, kustaafu kwa hiari ni lingine, kustaafu kwa sababu ya ugonjwa ni la tatu, na mafao yake hayahesabiwi sawa. Mtumishi wa umma akishafika miaka 55 anaweza kuomba kustaafu kwa hiari. Asiyefika, au asiyeweza tena kazi yake, hupitia jopo la madaktari, nalo ndilo linalopendekeza apumzishwe kwa sababu za kiafya. Mifuko yetu miwili, PSSSF wa watumishi wa umma na NSSF wa sekta binafsi, yote ina fao la ulemavu lenye masharti tofauti na yale ya pensheni ya uzee, ambayo hudai miezi 180 ya michango. Mtu mwenye miezi 170 aliyejiandikia barua kwa hasira au kwa aibu anaweza kupoteza kwa kalamu yake alichokichangia tangu ujana.

Na muda upo. Kwa mwajiriwa wa sekta binafsi, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Watumishi wa umma wana kanuni zao, muulize afisa utumishi akuoneshe zilipoandikwa. Tumia siku hizo zote. Sisemi hivyo kwa ujanja. Ni kwamba mwili wa wiki ya tatu sio mwili wa mwezi wa sita. Baada ya kiharusi, viungo hurudi kwa kasi zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo, kisha kasi inapungua, lakini hairudi sifuri. Mimi nilianza kufunga vifungo vya shati mwezi wa kumi na moja. Ningeamua maisha yangu yote mwezi wa pili, ningeamua kwa niaba ya mtu ambaye hayupo tena.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa kukaa kimya. Miezi sita, ukiweza mwaka, usiuze kiwanja, usinunue gari la biashara, usihamie kijijini, usimwahidi mtoto wa dada yako mtaji.

Najua kinachokusukuma, kwa sababu kilinisukuma na mimi. Tunalo neno zuri, kung'atuka, tulilopewa na Wazanaki kwa mdomo wa Mwalimu Nyerere. Alipotoka Ikulu mwaka 1985 na kurudi Butiama kulima, neno likapata heshima yake: mtu anaondoka mwenyewe, kwa miguu yake, wakati wake. Mgonjwa hang'atuki, anang'olewa. Ndiyo maana anataka haraka aonekane bado ana mizizi. Anataka mradi. Mgeni akija kumjulia hali, asiambiwe “mzee amelala,” aambiwe “mzee yuko bandani.”

Mimi nilichagua kuku.

Mpango wangu wa zamani ulikuwa shamba la michungwa Muheza, ekari nne, kibanda cha mbao na redio. Hilo nikaliona halifai tena, maana miguu haikunibeba mpaka kituo cha daladala. Shemeji yangu akaja na hesabu kwenye daftari: vifaranga 500 wa nyama, wiki sita tu, unauza, unarudisha fedha, unaingiza wengine. Nyumbani hapohapo, uani. Hesabu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba kwenye lile daftari hapakuwa na mstari wenye jina langu. Kifaranga wa nyama anataka joto usiku, maji safi asubuhi, chakula kwa saa, chanjo kwa tarehe. Mimi nilikuwa mtu wa kulala ghafla saa nne asubuhi kama taa iliyokatika, nikiamka sijui ni alasiri au ni kesho. Wiki ya pili umeme ulikatika usiku, mke wangu alikuwa amesafiri msibani, mimi nilikuwa nimelala usingizi ule. Tuliokota vifaranga asubuhi kwa beseni. Waliobaki wakapatwa na mdondo kwa sababu tarehe ya chanjo ilikuwa imenipita. Sikumlaumu shemeji. Alileta mradi mzuri kwa mtu mwenye afya.

Tangu siku ile nina kipimo kimoja, na ndicho ninachompa kila anayeniuliza. Kabla ya kuuliza kitu kinaingiza kiasi gani, uliza: je, kinaweza kuningoja? Nikiamka vibaya leo, nikashindwa kesho, nikapelekwa hospitali siku kumi, nitakikuta? Kuku hawangoji. Ng'ombe wa maziwa ndiyo kabisa, maana akikosa kukamuliwa siku moja anaumwa yeye pia. Duka linangoja kidogo, lakini wateja hawalingoji. Bajaji haingoji, na dereva wake anajua kuwa huwezi kumfuata. Nyanya zinangoja siku mbili, si kumi. Mchungwa unangoja. Daftari linangoja. Mkeka ulioachwa umesukwa nusu unangoja mwaka mzima na haukununii.

Wenye fedha watasema hiyo si biashara. Kweli, si biashara. Hapo ndipo pa kutenganisha mambo mawili ambayo wastaafu wengi huyasokota pamoja: mkate na furaha. Mkate wako, kama Mungu amejalia, unatoka kwenye pensheni ya mwezi. Kikokotoo cha mafao kilichoanza Julai 2022 kiliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 33, kimerekebishwa tena tangu hapo, na watu wamekilalamikia sana, kwa haki. Lakini kwa mtu aliyetoka kwenye ugonjwa, ile sehemu inayokuja kidogo kidogo kila mwezi ndiyo inayonunua dawa za presha wakati kiinua mgongo kimeshakwenda na maji. Sijapata kuona mgonjwa aliyejuta kuwa na pensheni ya kila mwezi. Waliojuta kununua Noah ya abiria niliowaona hawahesabiki.

Fedha za mkupuo zilipe madeni kwanza. Kisha zirekebishe nyumba ili ikufae: choo cha kukaa, reli ya kushikia bafuni, ngazi iondolewe iwekwe njia ya mteremko. Mambo haya hayana sifa, hakuna mgeni atakayeyasifia, ila kuanguka bafuni ndiko kunakowarudisha wenzetu wengi hospitali. Bima ya afya iulizie mapema, kabla ya siku ya mwisho ya kazi, nani ataendelea kuhudumiwa na nani atatoka, kwa sababu kadi ya mstaafu haibebi watoto kama ilivyobeba ya mtumishi. Na kama mkono ulioumia ndio wa kuandikia, nenda benki ukabadilishe saini. Yangu ilikataliwa mara mbili. Karani hakuwa na kosa, hata mimi nilipoitazama sikuitambua. Sasa natumia dole gumba, na wosia wangu nimeuandika mbele ya mashahidi wakati bado najieleza vizuri. Wakala wa Usajili, RITA, hutunza wosia, huna haja ya kuuficha chini ya godoro.

Hayo ni ya mkate. Sasa ya furaha, ambayo ni magumu zaidi.

Kiswahili chetu hakijaamua neno la kitu hiki. Vijana wanasema hobi na kucheka, kama kwamba ni tabia ya Wazungu wenye nafasi. Lakini nani alimfundisha babu yangu kusuka nyavu hata msimu ambao haendi baharini? Nani aliwalipa wazee wa Pangani kukaa na bao kuanzia adhuhuri hadi magharibi? Tulikuwa nayo tangu zamani, hatukuipa jina kwa sababu hatukuwa na haja ya kuiombea ruhusa. Mwanamume mgonjwa anaona haya kuwa na jambo lisiloingiza shilingi. Kwa mwanamke ni vibaya zaidi: yeye akistaafu na ugonjwa wake, anakabidhiwa wajukuu. “Bibi yupo tu nyumbani.” Nawasihi akina baba wenzangu na watoto waliokwisha kuwa na kazi zao, mama aliyetoka hospitali na cherehani yake au kofia yake ya kudarizi hayupo tu. Mpeni saa mbili zisizo na mtoto mgongoni.

Bao lilinirudia taratibu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali ya mkoa alikuwa akinipa maharage niyaokote kutoka sahani moja kwenda nyingine, na nilikuwa nachoka kwa uchungu, mtu mzima naokota maharage. Siku moja nikamwambia habari ya bao. Akaniuliza kete ni ngapi. Nikamwambia 64, mashimo 32, na unaanza na kete 22 mkononi. Akacheka, akasema basi nenda kacheze, mazoezi ni hayohayo. Ubongo uliojeruhiwa hujifunza kwa kurudia, mara mia na mara mia tena, na hakuna binadamu anayeweza kuokota harage mara mia kwa hiari. Lakini kete utaiokota mara mia kwa sababu unataka kumla mwenzako. Hili litazame kwa makini unapochagua: kama kuna jambo unalolipenda ambalo ndani yake limeficha zoezi unalolihitaji, anza na hilo.

Mifano ninayo. Mama mmoja, muuguzi mstaafu, alipoteza maneno. Anakujua, anakuelewa, ila ukimwuliza jina la kikombe machozi yanamtoka. Jumapili moja kwaya ilipoanza, akaimba ubeti mzima pamoja nao, maneno yote. Madaktari wanalijua jambo hili: wimbo na mazungumzo havipiti njia ileile kichwani, na wapo wanaofundishwa kusema tena kwa kuanzia kwenye kuimba. Leo anahudhuria mazoezi ya kwaya mara mbili kwa wiki. Na yule mshairi wa Sweden, Tomas Tranströmer, alipata kiharusi mwaka 1990, kikamchukulia usemi karibu wote na mkono wa kulia. Alikuwa mpiga piano. Akaendelea kwa mkono wa kushoto peke yake, na watunzi wa muziki wakamwandikia vipande vya mkono huo. Tuzo ya Nobel ilimkuta mwaka 2011. Simtaji kwa ajili ya tuzo. Namtaja kwa kuwa hakusubiri mkono wa kulia urudi ndipo apige.

Kwangu mimi kilichofuata bao kilikuwa gunia. Kulima kwa jembe siwezi, kuinama kunanizungusha kichwa. Kijana wa jirani akanijazia magunia matatu udongo uliochanganywa na samadi. Katikati anaweka kopo lisilo na matako, analijaza kokoto, udongo ukipanda naye analivuta juu, mpaka inabaki nguzo ya kokoto ya kupitishia maji. Ubavuni unatoboa matundu, unapandikiza. Nakaa kwenye kigoda na mboga zipo usawa wa kifua changu. Mchicha uko tayari baada ya wiki tatu au nne, sukuma wiki unachuma jani moja moja miezi kadhaa. Ukishindwa siku mbili kumwagilia vinanyauka kidogo, vinakusamehe. Familia ikila mboga yangu huwa nanyamaza kusikia nani atasema nini. Ni ubatili, najua.

Baadaye nikapata mizinga miwili ya nyuki wadogo, wale wasiouma, nimeitundika chini ya paa upande wa kivulini. Asali yao ni kidogo, nyepesi, ina uchachu, na wanaotafuta faida wasihangaike. Ila hawa ndio hasa wanaongoja. Hawahitaji lolote kutoka kwangu. Siku ambayo siwezi kitu, nakokota kiti, natazama wanavyoingia na kutoka kwenye kile kijitundu chao cha nta. Nyuki wakubwa ni habari nyingine. Kuvuna kwao ni usiku, ni moshi, ni kupanda, na mtu mwenye upande mmoja dhaifu hana jinsi ya kukimbia.

Usichague zaidi ya viwili kwa mwanzo. Mwili baada ya kiharusi una betri ya simu ya zamani: inaonesha chaji imejaa, unapiga simu mbili, imezima. Uchovu huu si uvivu na hautoki kwa kulala usiku mmoja. Kwa hiyo jambo lenye kutaka akili au mkono lifanye asubuhi, kisha lala bila kujieleza kwa mtu, na la jioni liwe la watu. Weka hata siku za kliniki mbali na siku za shughuli. Baharini, kisimani na barabarani usiende peke yako mpaka daktari aseme, na usukani wa gari au pikipiki usiurudie kwa sababu tu unajisikia vizuri: unaweza kuwa huoni vizuri upande mmoja na usijue kuwa huoni. Dawa za presha humezwa hata siku ambayo presha imepimwa ikakutwa sawa. Imekuwa sawa kwa sababu ya dawa.

Kuna jambo moja ambalo hakuna shughuli itakayolitibu. Takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi huangukia kwenye sonona, na sehemu ya chanzo chake iko kwenye ubongo uleule uliojeruhiwa. Mtu hatamani bao, hatamani mboga, hatamani hata wajukuu. Ndugu watasema amekata tamaa, wengine watanong'ona kuwa amerogwa, waende mahali. Mimi nilikuwa na majuma sita ya namna hiyo, nikidhani nimechagua vibaya, kwamba laiti ningepata hobi nyingine ningepona. Nilihitaji daktari, na dawa, na mtu wa kuzungumza naye. Ukiona siku zinapita na hakuna kinachokuvutia hata kile ulichokipenda ukiwa na miaka 20, sema hivyo hivyo kliniki, kwa maneno hayo.

Na kustaafu? Nilirudi kazini mwezi wa nane. Nilimwomba mkurugenzi anipunguzie ukuu wa shule, nibaki na jiografia vipindi vichache. Haikuwa rahisi kukaa kwenye chumba cha walimu nikimwamkia kwa cheo kijana niliyempokea akitoka chuoni. Lakini niligundua kuwa kilichonifurahisha shuleni siku zote kilikuwa ramani, vikao vya bodi havikuwahi kunifurahisha, na hilo nisingelijua kama ningeandika ile barua kitandani. Nilifundisha mwaka mmoja na nusu, kisha nikaomba hiari, kwa sababu ngazi za ghorofa ya pili zilikuwa zinanila chaji yote kabla ya kipindi. Mwingine angebaki mpaka 60. Mwingine angeondoka mapema zaidi yangu na angekuwa sahihi, hasa mwenye kazi ya usiku, au ya kuendesha mitambo, au yenye bosi wa kumpandisha presha. Kaa na mwenza wako, kaa na daktari, kaa na afisa wa mfuko akuchapishie hesabu zote kwenye karatasi, ndipo uchague.

Michungwa sijaiacha moja kwa moja. Nina mitatu uani, kwenye mapipa ya plastiki yaliyokatwa, miche ya kubebesha niliyoletewa kutoka Muheza. Mmoja umetoa maua mwaka huu. Barazani wenzangu wamerudia kunizomea, hasa yule fundi cherehani wa upande wa pili, ambaye hunihesabia sekunde kete ikininasa vidoleni. Jana alinifunga mara tatu mfululizo. Leo nimelala mchana makusudi.